Mzungu Aliyekufa Ndani ya Joho la Mchina

Likizo ya Disemba iliyopita nilipanda basi na watoto wangu kutoka Mombasa kwenda Machakos, kumtembelea shemeji yangu anayefanya kazi huko. Siku ya pili akatupeleka Kyamwilu, nje kidogo ya mji, kwenye kipande cha barabara ambacho sifa zake zimeenea nchi nzima. Ukisimamisha gari pale na kulitoa gia, utaliona likipanda mlima lenyewe. Ukimwaga maji, yanakwenda juu. Wenyeji wana hadithi zao kuhusu pahali hapo. Watu wa sayansi wanasema barabara ile kwa hakika inateremka, ila umbo la vilima vilivyoizunguka hulidanganya jicho likauona mteremko kuwa ni mwinuko.

Pembeni mwa barabara tulimkuta kijana akiwafanyia wageni mazingaombwe. Mikono yake ilikuwa myepesi, wallahi. Sarafu iliingia kiganja cha kulia ikatokea nyuma ya sikio la mtoto, na kamba aliyoikata mbele yetu ikaungana tena. Lakini alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia ya vito, akijitangaza kuwa ni shehe kutoka Pemba, na kabla ya kila mchezo akinong'ona maneno yaliyokusudiwa kusikika kama Kiarabu. Binti yangu mdogo, anayesoma madrasa, aliniuliza ile ni sura gani. Nikakosa jibu.

Nilingoja wageni watawanyike, nikamwendea na kumtolea salamu yetu. Akababaika. Kumbe ni kijana Mkamba wa papo hapo, si Muislamu, na Pwani hajawahi kufika. Hakunificha. Alianza kazi ile akiwa na fulana na suruali ya jinzi, watu wakamtazama na kwenda zao. Siku aliyovaa kanzu ndiyo siku aliyoanza kulipwa.

Hasira zilinipanda, nakiri. Lakini maneno yake yalinikumbusha maisha ya mtu mmoja ambaye kisa chake nilikisoma zamani, mtu aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita, na ambaye kosa lake lilikuwa hilo hilo. Nimeona nikusimulie, mpenzi msomaji, kwa sababu ndani yake mna funzo kwa kijana yule na mna funzo kwetu sisi pia.

Mtu huyo aliitwa William Ellsworth Robinson, Mmarekani aliyezaliwa jimbo la New York mwaka 1861. Baba yake alikuwa mtu wa jukwaani, na mwana akafuata nyayo. Tangu ujana alikuwa fundi wa kweli wa mazingaombwe, hasa wa kuunda vifaa na kubuni namna ya kulihadaa jicho. Lililompungukia ni kujitambua yeye ni nani mbele ya watu.

Kule Ujerumani alikuwako mwigizaji, Max Auzinger, aliyevumbua mchezo wa ajabu. Jukwaa zima lilitandazwa kitambaa cheusi, na msaidizi aliyevaa nyeusi utosini hadi nyayoni akavishika vyombo vyeupe, basi watazamaji wakaviona vyombo vikielea hewani peke yake. Auzinger aliucheza mchezo huo kwa jina la Ben Ali Bey, kana kwamba katoka nchi za Mashariki. Mwaka 1887 Robinson naye akaanza kuucheza Marekani. Jina alilojipa ni Achmed Ben Ali. Tazama basi: Mjerumani kaazima jina la Kiislamu, na Mmarekani akamwibia Mjerumani mchezo pamoja na jina la kuazima. Kanzu yetu imeanza kuvaliwa na wasiotujua zamani sana.

Baadaye Robinson aliajiriwa na Harry Kellar na Alexander Herrmann, waliokuwa vigogo wa mazingaombwe Marekani wakati ule. Nyuma ya pazia yeye ndiye aliyetengeneza mitambo, na mbele ya pazia sifa zikawaendea wao. Mwaka 1898 alitoa kitabu kinachofichua hila za matapeli waliodai kuzungumza na roho za wafu na kupata maandishi kutoka kwao kwenye vibao. Kwa hiyo aliujua uongo kwa undani, akawaonya watu nao.

Mwaka huo huo akafika Marekani bwana mmoja kutoka Uchina, Zhu Liankui, aliyejulikana jukwaani kama Ching Ling Foo. Alikuja na kikundi chake kwenye maonyesho makubwa ya mji wa Omaha. Mchezo wake mashuhuri ulikuwa hivi: anaonyesha kitambaa kitupu, anakitandaza, anakiondoa, na chini yake pana bakuli kubwa limejaa maji. Siri ilikuwa kwamba bakuli lile zito alilibeba ndani ya joho lake, likining'inia baina ya miguu, naye akitembea kama mtu asiyebeba kitu. Hilo ni zoezi la miaka. Zhu aliahidi dola 1,000 kwa yeyote atakayeweza kuufanya mchezo ule. Robinson akaupekua mpaka akaujua, akajitokeza kudai zawadi, akakataliwa hata kupewa nafasi ya kujaribu.

Pengine ni uchungu huo uliomsukuma, pengine ni njaa. Mwaka 1900 likaja ombi kutoka Paris la kutafutiwa mwanamazingaombwe wa Kichina. Robinson alinyoa sharubu na nywele za mbele, akasuka mkia nyuma, akapaka uso rangi, akavaa joho la hariri na kuvuka bahari. Alipofika London jina lake lilikuwa Chung Ling Soo. Liweke kando ya Ching Ling Foo uone yanavyolingana.

London ilimpenda kupita kiasi. Jukwaani hakutamka neno la Kiingereza, na waandishi wa magazeti walipomhoji alijibu kupitia mkalimani. Mkewe, Olive, aliyekuwa mdogo wa umbo, akawa msichana wa Kichina aitwaye Suee Seen. Robinson alikuwa miongoni mwa wanamazingaombwe waliolipwa vizuri kabisa zama zile.

Mwaka 1905 Zhu Liankui mwenyewe akaja London. Akakuta mji mzima umeshamzoea mtu anayetumia sura yake, mavazi yake na karibu jina lake. Alilalamika hadharani kwamba yule si Mchina hata kidogo, akamtaka washindane. Gazeti moja likapanga siku ya mashindano ofisini kwake. Robinson akaenda. Zhu hakutokea, kwa kuwa alishikilia kwamba kwanza mwenziwe athibitishe Uchina wake. Magazeti yakampa ushindi Robinson, na watazamaji hawakujali nani ni Mchina wa kweli. Mwenye mali aliondoka mikono mitupu, aliyeiazima bila ruhusa akabaki na shangwe.

Hapo ndipo kisa hiki kinaponiuma. Robinson hakuwa mvivu. Alibuni mengi yake mwenyewe, na wajuzi wa kazi hiyo wanaendelea kumheshimu hadi leo. Lakini kila alichokibuni alikiweka ndani ya joho la mwingine, na joho likachukua sifa. Mtu akishaanza hivyo, kulivua kunakuwa kugumu kuliko kulivaa, kwani siku atakayolivua atawaambia watu kwamba miaka yote aliwadanganya.

Mchezo uliomuua nao haukuwa wake. Kudaka risasi ni mchezo wa kale, na ulishawaua wengine kabla yake. Yeye aliupamba kwa hadithi ya kuhukumiwa kifo na Mabokseri, waasi wa Uchina wa mwaka 1900. Watazamaji walizitia risasi alama, zikabadilishwa kwa siri, wasaidizi wakamlenga na kufyatua, naye akajifanya kuzidaka kwenye sahani. Bunduki zilikuwa na mtambo: baruti iliyolipuka ilikuwa katika mrija wa chini unaohifadhi fimbo ya kushindilia, na mtutu wenye risasi haukuguswa na moto.

Siri ile aliilinda mno. Bunduki alizitayarisha yeye mwenyewe, na hakuna mwengine aliyezikagua. Kwa miaka mingi chuma kilikuwa kikilika taratibu, hata baruti ikapata upenyo wa kupita kuingia mtutuni. Usiku wa tarehe 23 Machi 1918, katika ukumbi wa Wood Green Empire, London, risasi ikatoka kweli na kumpiga kifuani. Akasema kwa Kiingereza kwamba jambo baya limetokea, pazia lishushwe. Ndiyo mara ya kwanza watazamaji kumsikia akizungumza lugha yake. Akafariki kesho yake, akiwa na umri wa miaka 56. Uchunguzi ukaamua kuwa ilikuwa ajali.

Ukikificha kila kitu, hata atakayekuonya kwamba bunduki yako imechakaa humpati.

Sasa turudi Kyamwilu. Nilitaka kumlaumu kijana yule, lakini nikajiuliza: kanzu ile kauziwa na nani? Pita mjini Nairobi, Machakos au Mombasa, utayaona mabango kwenye nguzo za umeme yakimtangaza mganga kutoka Pemba, daktari kutoka Tanga, shehe wa kurudisha mume na mali iliyopotea. Baadhi yao ni watu wetu, nasi tumenyamaza, na wengine wetu tunacheka. Tumeiacha kanzu tunayosalia Ijumaa iwe sare ya waganga, kisha tunashangaa Mkamba akiivaa. Na cha kuchekesha zaidi, sisi huku Pwani tukitaka kutishana tunataja uganga wa Ukambani! Machakos yenyewe imebeba jina la mzee Masaku, aliyesifika kwa uaguzi. Wao wanatukodi sisi, sisi tunawakodi wao.

Tunafundishwa madrasani kisa cha Nabii Musa na wachawi wa Firauni. Walipotupa kamba na fimbo zao, macho ya watu yalihadaika. Fimbo ya Musa ilipozimeza, wa kwanza kusujudu walikuwa wachawi wenyewe. Wao waliijua kazi yao, kwa hiyo walijua upesi kuliko umati kwamba hili si la kuigiza. Fundi wa kweli huutambua uasili. Ndiyo maana naamini Robinson alijua moyoni, hata siku ile magazeti yalipomshangilia, nani kati yao wawili alikuwa na haki.

Kabla ya kuondoka nilimwomba kijana yule anionyeshe mchezo mmoja bila kanzu, nikamlipa kabla. Akasita, kisha akaivua. Akaleta kiondo cha mamake, akamimina ndengu mbele ya wanangu, akakipindua, hakikudondoka hata chembe moja. Akakipindua tena, ndengu zikamwagika. Huo, akaniambia, ameubuni mwenyewe, na hajawahi kuwaonyesha wageni kwa kuogopa watauona wa kishamba. Wanangu walimtaka aurudie mara tatu. Ule wa sarafu hawakuukumbuka tena.

Nilimwambia kwamba huo wa kiondo hakuna wa Pemba wala wa London atakayekuja kumdai. Akacheka. Tulipokuwa tunaingia garini, basi dogo la wageni likatokea kwenye kona, nikamwona akiinama kuiokota kanzu. Sijui kama aliivaa. Shemeji alishatia gari moto.