Ramadhani, Siku ya 17: Mtoto Aliyemliza Sayyidna Umar



Leo tumkumbuke Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), aliyeshika ukhalifa mwaka 13 Hijria baada ya Sayyidna Abubakar (R.A.). Wengi tunamjua kwa ukali wake. Leo tumwangalie alipokuwa mlinzi wa Baytul-Mal, hazina ya umma.

Mali ilipoongezeka alianzisha daftari, yaani diwani. Watu wakaandikwa majina, kila mmoja na posho yake. Watoto nao walipangiwa, ila kwa sharti moja: mtoto awe ameshaachishwa ziwa. Ukilisikia juu juu, sharti hilo halina ubaya.

Usiku mmoja msafara wa wafanyabiashara ulilala kwenye uwanja wa kuswalia Madina. Umar akaenda kuulinda pamoja na Abdurrahman bin Auf. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake, akamwambia amche Allah na amtunze mwanawe. Mtoto akalia tena, akarudi tena. Mara ya tatu, usiku unaisha, akamlaumu kabisa yule mama. Mama hakujua anaongea na nani. Akamweleza kwamba anamwachisha ziwa mtoto kwa lazima, kwa sababu Umar hampi posho mtoto anayenyonya. Na mtoto mwenyewe alikuwa wa miezi tu!

Alfajiri hiyo aliswalisha huku analia mpaka watu hawakusikia vizuri kisomo chake. Baada ya salamu akajilaumu hadharani kwa watoto ambao huenda walikufa kwa amri yake. Kisha akaagiza mbiu ipigwe: wasiwaachishe watoto kwa haraka, kila anayezaliwa ataandikwa. Akawaandikia na magavana wake hivyo hivyo.

Imepokewa pia kwamba alimkuta mzee Myahudi, kipofu, anaombaomba. Akamwondolea kodi na kumpangia matumizi kutoka hazina. Aliuawa mwaka 23 Hijria, na utaratibu wa diwani ukaendelea baada yake.

Ndugu zangu, sisi leo tuna Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ule wa TASAF, ulioanza mwaka 2012. Kaya inapata ruzuku, watoto wanatakiwa shule na kliniki. Kuna jirani yako ambaye hela ile ndiyo unga na daftari la mtoto. Utasikia watu wanasema wale ni wavivu, wafutwe tu. Je, umemuuliza mama mwenyewe? Hata mimi nimewahi kumkemea mzazi wa madrasa kuhusu mwanawe, kumbe nyumbani hawajala tangu jana.

Umar alilaumu kwanza, akaelewa baadaye, na alipoelewa alibadilisha amri kabla jua halijapanda. Sisi hatuna amri, ila tuna mdomo. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, twende. Mjane au mlemavu akiachwa kwenye orodha, tumsemee kwa adabu, Mwislamu au si Mwislamu. Mwenye uwezo asiandikishe ndugu yake asiyestahili, maana amekula fungu la mtoto wa mwenzake. Na mwenye kalamu akumbuke kilio cha usiku ule.

Allah atupe macho ya kuona na atutakabalie funga zetu. Aamin. Mtumie na jirani yako.