Peano, Bwana wa Alama za Seti

Wasomaji wa rika langu huyakumbuka mashaka ya Hesabu Mpya, zilizoingia mashuleni Afrika Mashariki baada ya mikutano ya Entebbe iliyoanza mwaka 1962. Mimi nilitoka Mombasa kwenda kuzifundisha Homa Bay, kisha Migori, na nakiri kuwa niliwapoteza watoto wa watu. Niliandika ubaoni ∈, ∪ na ∩, nao wakazinakili kama maandishi ya hirizi. Nilipoyasoma maisha ya aliyezitunga ndipo nilipoijua kasoro yangu.

Giuseppe Peano alizaliwa tarehe 27 Agosti 1858, mwana wa wakulima, karibu na mji wa Cuneo, Italia. Alisoma Chuo Kikuu cha Turin, akafundisha hapo tangu mwaka 1880 hadi kufa kwake. Mwaka 1888 alichapisha ∪ ya muungano na ∩ ya makutano. Mwaka uliofuata akaleta ∈, herufi ya kwanza ya neno la Kigiriki lenye maana ya NI. Basi si fumbo: Migori ∈ kaunti za Kenya, yaani Migori ni mojawapo ya kaunti za Kenya.

Muradi wake ulikuwa kuondoa utata wa maneno. Lakini alizijaza alama katika masomo hata wanafunzi wakanung'unika, na mwaka 1901 akaondoka katika chuo cha kijeshi alikokuwa akifundisha pia. Alifariki Turin tarehe 20 Aprili 1932. Kenya nayo iliziacha Hesabu Mpya mwaka 1981.

Lau ningerudi darasani, ningeanza na ramani ya leo. Kaunti zinazogusa Ziwa Victoria ni Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori. Zinazopakana na Tanzania kwa nchi kavu ni Migori, Narok, Kajiado, Taita Taveta na Kwale. Iliyomo kote kuwili ni Migori peke yake. Hayo ndiyo makutano, ∩. Ukiziunganisha zote, ∪, utapata 9, si 10, kwani Migori haihesabiwi mara mbili.

Chuoni kwa mwalimu wangu nilihifadhi kwanza, tafsiri ikaja baadaye, lakini ilikuja. Kule Homa Bay niliwaachia watoto herufi bila ya tafsiri, na deni hilo ningali nalo.