Mfalme Rajaraja na Kuta za Thanjavur

Katika wafalme wa kale ambao habari zao zafaa kujulikana na sisi wanafunzi, nimemchagua Rajaraja wa ukoo wa Chola, aliyetawala nchi ya Watamil, kusini mwa Bara Hindi, tangu mwaka 985 mpaka 1014. Wengi humsifu kwa vita vyake. Mimi nataka kumweleza kwa kuta za hekalu lake, maana humo mna habari zake na za watu waliokuwa chini yake.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Arulmozhi, na baba yake alikuwa Mfalme Sundara Chola. Kaka yake mkubwa, Aditya, aliuawa. Baba yao alipofariki dunia, ufalme ulikwenda kwa jamaa wa baba yake aitwaye Uttama. Hati za shaba zaeleza kwamba raia walimtaka Arulmozhi, naye akakataa kumnyang'anya mzee wake haki. Hati hizo zilitolewa na mwanawe, Rajendra, na mtoto kumsifu baba si ajabu. Hata hivyo ni kweli kwamba alingoja miaka ipatayo 15.

Alipotawazwa akaitwa Rajaraja, maana yake mfalme wa wafalme. Akawashinda Wapandya na Wachera waliokuwa jirani zake, kisha akapeleka majeshi ng'ambo, katika kisiwa cha Sri Lanka. Akaanzisha na desturi mpya: maandishi ya mawe yaanze kwa kutaja ushindi wa mfalme, na kila ushindi mpya uongezwe. Kwa hiyo wataalamu wa leo, wakiona ushindi gani umetajwa na upi haujatajwa, huweza kukisia jiwe lilichongwa lini.

Mwaka 1010 hekalu lake kubwa la mungu Shiva lilikamilika katika mji wa Thanjavur. Limejengwa kwa mawe magumu, na mnara wake una urefu wa mita zipatazo 60. Mfalme akaamuru kwamba zawadi zake, zawadi za dada yake mkubwa Kundavai, za wake zake, na za watu wengine wote, zichongwe katika mawe ya hekalu lile.

Basi mafundi wakachonga, wala hawakuishia kwa wakubwa. Wanawake 400 wacheza ngoma wa hekalu wametajwa kila mmoja kwa jina lake, na nyumba yake katika mtaa gani na safu gani, na mpunga atakaopewa kila mwaka. Wametajwa wapiga ngoma, karani wa hesabu, mfinyanzi, dobi, kinyozi, seremala, sonara na mshoni. Baba yangu ni mshoni, na nilipofika kwa mshoni yule nilisimama kidogo, nikafurahi.

Tena imeandikwa jinsi taa zilivyopata mafuta. Kwa kila taa, mchungaji alikabidhiwa kondoo majike 96, naye alipaswa kuleta kipimo cha samli kila siku. Kondoo hao walihesabiwa kuwa hawafi wala hawazeeki, kwa kuwa waliozaliwa walishika nafasi ya waliokufa, na deni likaendelea kizazi hata kizazi.

Lakini ukuta huo huo una upande mwingine. Waeleza kwamba baadhi ya hazina ilitoka kwa wafalme walioshindwa vitani, na kwamba vijiji vya Sri Lanka navyo viliwekwa chini ya hekalu, vilitolee mapato. Wakulima wa huko hawakutajwa majina. Na yanapoorodheshwa maeneo ya kijiji yasiyotozwa kodi, mtaa wa Waparaiya umetajwa peke yake, na mtaa wa mafundi peke yake. Hapo twajua, bila mfalme kukusudia kutuambia, kwamba watu walitengwa kwa kuzaliwa kwao.

Rajaraja alifariki mwaka 1014. Baadaye watu walisahau ni nani aliyelijenga hekalu, wakalihesabu kuwa kazi ya wafalme wengine. Mwishoni mwa karne ya 19 Mjerumani Eugen Hultzsch, aliyekuwa mtaalamu wa maandishi ya kale wa serikali ya Madras, aliyasoma mawe yale, na jina la Rajaraja likarudi mahali pake. Na majina ya wanawake 400 yakarudi pamoja nalo.

Wanafunzi wenzangu, mimi namheshimu Rajaraja kwa amri ile ya kuwaandika wengine pamoja naye. Lakini tusomapo sifa za mfalme yeyote, tuulize pia ni nani aliyetoa mpunga, na kama jina lake limo.