Munganga Charcot na kiti chake cha kutikisa wagonjwa

Jean-Martin Charcot alizaliwa ku Paris tarehe 29 Novemba 1825. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza magari ya kukokotwa na farasi. Hata hapa kwetu Bukavu, wenye kusoma unganga wanajua jina la Charcot, juu kuna ugonjwa mubaya wa mishipa ya fahamu ambao Wafaransa wanauita mpaka leo ugonjwa wa Charcot. Lakini sisi tunamueleza leo kwa sababu ingine. Yeye njo aliingiza ndani ya lopitali kubwa ya Paris wazo la kumtikisa mgonjwa kwa masini ili apate nafuu. Wazo hilo lingali linauzwa, kwa sura ya kibao ambacho mtu anasimama juu yake na kinatetemeka chini ya miguu. Wenye kukiuza wanaahidi kwamba kitaponya mgongo, magoti, mifupa na tumbo kubwa. Jamaa la mchimbaji linajua maumivu ya mgongo kuliko wengi, kwa hiyo ni vizuri lijue wazo hili lilitoka wapi kabla ya kutoa pesa.

Mwaka wa 1862 Charcot alipewa kazi ku lopitali ya Salpêtrière. Zamani sana mahali pale palitengenezwa baruti, na jina lenyewe linatokana na chumvi ya baruti. Kisha pakawa pa kuwekea wanawake masikini, wazee na wagonjwa wasio na mutu wa kuwatunza. Walikuwa kwa maelfu. Wanganga wengine walikimbia mahali kama pale. Charcot aliona tofauti: hapa kuna magonjwa ambayo hakuna mutu ameyaangalia vizuri, na mgonjwa anakaa miaka mingi, kwa hiyo unaweza kufuata ugonjwa wake toka mwanzo mpaka mwisho.

Kazi yake ilikuwa kuangalia. Alimkalisha mgonjwa mbele yake, akamtazama kimya muda mrefu, akachora kwa mkono wake mwenyewe. Mgonjwa akikufa, alifungua mwili na kutafuta ubongoni na kwenye uti wa mgongo mahali palipoharibika. Kwa njia hiyo alitenganisha magonjwa ambayo watu walikuwa wanayachanganya. Mojawapo ni ule wa kutetemeka ambao munganga Mwingereza, James Parkinson, alikuwa ameuandika mwaka wa 1817. Charcot alionyesha kwamba si kila mgonjwa wa namna hiyo anatetemeka, na njo yeye aliomba uitwe kwa jina la Parkinson. Wakati wa masomo aliwavalisha wagonjwa kofia zenye manyoya marefu ya ndege, ili wanafunzi waliokaa nyuma waone namna kichwa kinavyotikisika.

Wagonjwa hao wa Parkinson njo walimuletea wazo la kiti. Walimueleza kwamba wakisafiri muda mrefu kwa treni ao kwa gari la farasi, ile kurushwa-rushwa ya njia iliwapa raha. Mwili ukawa mwepesi, maumivu yakapungua, na hali hiyo ikadumu kidogo kisha safari. Munganga mwingine angecheka. Mtoto wa fundi wa magari hakucheka. Alitengenezesha kiti kinachotikiswa na umeme, na mgonjwa alikaa juu yake karibu nusu saa kila siku. Mwaka wa 1892 alitangaza matokeo: kutetemeka kwenyewe hakukubadilika sana, lakini wagonjwa walilala vizuri na walisikia mwili wao umelegea. Mwanafunzi wake Gilles de la Tourette aliendelea na wazo hilo kwa kutumia kofia yenye kutetemeka, juu ya watu wenye kuumwa kichwa.

Charcot hakupata muda wa kuipima dawa yake zaidi. Alikufa tarehe 16 Agosti 1893 akiwa safarini, na miaka 67.

Inafaa tuseme pia upande wake mwingine. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa mukubwa sana, na watu waliogopa kumpinga. Aliwaonyesha watu wanawake waliolazwa usingizi wa kuamriwa, wakianguka na kujikunja mbele ya umati. Baada ya kifo chake, mwanafunzi wake mwenyewe, Babinski, alieleza kwamba mambo mingi ya namna hiyo yalitokana na kushawishiwa. Mgonjwa alifanya kile munganga alikuwa anangojea. Swali hilo linagusa na kiti pia. Ni mtikiso uliowasaidia, ao ni kule kuangaliwa kila siku na munganga mukubwa?

Jibu lilikawia zaidi ya miaka 100. Mwaka wa 2012 watafiti wa Chicago walirudilia jaribio lile. Wagonjwa wa Parkinson waligawanywa mafungu mawili: fungu moja lilikaa kwenye kiti chenye kutetemeka, lingine lilikaa bila mtetemo, likisikia sauti tu. Kisha mwezi mmoja mafungu yote mawili yalipata nafuu, karibu sawasawa. Maana yake wagonjwa wa Charcot hawakudanganya, nafuu waliisikia. Lakini mtu kusikia nafuu hakuonyeshi kwamba masini njo imemsaidia.

Na kuna jambo ambalo Charcot hakuliona ku lopitali yake, juu liko kazini. Mwaka wa 1918, ku Bedford kule Marekani, munganga mwanamke Alice Hamilton aliangalia mikono ya wachonga mawe wenye kutumia nyundo za hewa. Wakati wa baridi vidole vyao viligeuka vyeupe kama vya maiti na havikusikia kitu. Mtetemo uleule ambao ku Paris uliitwa dawa, pale ulikuwa unaharibu mikono ya watu. Tofauti ni nguvu yake, saa ngapi, na namna gani mtu anaupokea.

Vibao vya leo tuvipime kwa macho hayo. Kuna uchunguzi unaoonyesha kwamba vinaweza kusaidia kidogo nguvu ya miguu na usawa wa mwili, zaidi kwa wazee na kwa watu wasioweza mazoezi mengine. Juu ya mifupa wataalamu hawajakubaliana. Kupunguza tumbo bila kufanya kazi wala kula kwa kipimo, usitegemee. Mwenye kukitumia aanze na mtikiso mudogo, akunje magoti kidogo ili mtetemo usipande mpaka kichwani, ashike chuma cha pembeni, afanye dakika moja kisha apumzike, na yote isipite dakika 10 ao 15. Mama mwenye mimba asipande. Vilevile mwenye mfupa uliovunjika karibuni, aliyepasuliwa juzi, mwenye damu iliyoganda mguuni, mwenye kifafa, mwenye mawe ya figo, mwenye masini ya moyo, ao mwenye pingili ya mgongo iliyotoka, wote waulize munganga kwanza.

Kwa mchimbaji tunaongeza neno. Kama mchana kutwa umeshika masini ya kutoboa mawe, ao umeendesha kamioni kubwa juu ya njia mbaya, mwili wako umekwisha kupata mtetemo wa kutosha. Kuuongeza jioni kwa pesa hakuna faida. Ulaya, toka sheria ya mwaka 2002, mwajiri analazimishwa kuangalia kipimo cha mtetemo ambao mfanyakazi anapata kwa siku ya saa nane. Wewe unaweza kuomba vitu vya kawaida: kiti chenye springi nzima, zamu za kubadilishana masini, ncha ya chuma iliyonolewa. Usikaze mkono kuliko lazima, linda vidole na baridi, na punguza sigara, juu inafunga mishipa midogo ya damu.

Vidole vikianza kugeuka vyeupe ao kufa ganzi usiku, usingoje vikatae kufunga kifungo cha shati. Na mgongo ukiuma pamoja na miguu kukosa nguvu, ao mkojo kutoka wenyewe, hiyo si kazi ya kibao wala ya mafuta ya kuchua. Mupeleke mutu lopitali siku ileile.