Walt Disney na Gari Lake la Moshi

Wengi wetu tunamjua Walt Disney kwa yule panya wake, Mickey. Mimi hunivutia zaidi mapenzi yake ya gari la moshi.

Alizaliwa Chicago mwaka 1901, akapitisha utoto wake shambani Marceline, Missouri, mji uliopitiwa na reli ya Santa Fe. Jamaa yao mmoja alikuwa dereva kwenye reli hiyo. Alipofika miaka 15, likizo ilimkuta ndani ya mabehewa akiuza magazeti, soda na peremende. Faida hakuiona, kwani bidhaa nyengine alizila mwenyewe. (Wachuuzi wa aina hiyo tunao hata hapa Mombasa.)

Mwaka 1950, tayari tajiri, alilaza reli ya karibu mita 800 nyumbani kwake Los Angeles. Injini ilikuwa sehemu moja ya nane ya ile ya kweli, ikienda kwa mvuke hasa, na aliiita Lilly Belle kwa jina la mkewe, Lillian. Bibi hakutaka maua yake yaguswe, basi mume akachimba njia chini ya bustani!

Mwaka 1953 treni ilipinduka, mvuke ukamuunguza mtoto mgeni. Disney akaifunga reli ile. Hapo ndipo ninapomheshimu: kitu alichokipenda tangu udogoni hakukiweka mbele ya ngozi ya mtoto wa watu.

Disneyland ilipofunguliwa Julai 1955, reli iliizunguka bustani nzima, na injini yake moja ilifuata michoro ya Lilly Belle iliyokuzwa. Mwenyewe alifariki Disemba 1966.