Abdulrahman Mohamed Babu (1924–1996): Ubepari, Usoshalisti na Ukomunisti katika Maisha ya Mtu Mmoja

Mtahiniwa, mada ya mifumo ya uchumi na siasa huwasumbua wanafunzi wengi kwa sababu moja. Hukariri fasili tatu, ya ubepari, ya usoshalisti na ya ukomunisti, kisha zikawachanganya siku ya mtihani. Fasili hushikika vizuri ukiwa na mtu wa kumfuata na mali ya kuitazama.

Mtu wetu katika sura hii ni Abdulrahman Mohamed Babu, Mzanzibari aliyekulia chini ya ubepari wa kikoloni, akaupigania usoshalisti, akawa waziri katika serikali iliyojitangaza kuujenga, kisha akawekwa kizuizini na serikali hiyohiyo. Mali yetu ni karafuu. Sisi tunaosomesha hapa Gombani hatuna haja ya kutafuta mfano wa mbali, kwa kuwa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba.

Unaposoma, jiulize kila mara maswali manne:
1. Nani anamiliki njia za kuzalisha mali, yaani ardhi, mashamba, viwanda na mabenki?
2. Nani anapanga kitu gani kizalishwe na kiuzwe kwa bei gani?
3. Nani anachukua ziada, yaani kile kinachobaki baada ya gharama na ujira kulipwa?
4. Raia asiyeridhika ana ruhusa ya kusema?

Ujana katika uchumi wa kikoloni

Babu alizaliwa Zanzibar mwaka 1924. Wakati huo visiwa vilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1890, huku Sultani akibaki kwenye kiti chake. Uchumi ulitegemea zao moja la kuuza nje. Kabla ya kwenda masomoni Uingereza, Babu alifanya kazi ya ukarani katika Chama cha Wakulima wa Karafuu, chombo kilichoundwa mwaka 1927 na kusimamia biashara ya zao hilo.

Tazama uchumi huo kwa maswali yetu. Mashamba yalikuwa mali ya watu binafsi, makubwa kwa madogo. Wenye mashamba wengi walikopa kwa wafanyabiashara kabla ya msimu na kulipa kwa karafuu. Mchumaji aliyepanda mkarafuuni, akachuma na kuchambua, alipata ujira wake tu. Bei ilitegemea soko la dunia, ambalo mchumaji hakuwa na sauti ndani yake. Huo ndio ubepari: umiliki binafsi wa njia za kuzalisha mali, uzalishaji kwa ajili ya faida, na nguvukazi inayonunuliwa kwa ujira. Hapa Zanzibar ulikuwa ubepari wa kikoloni, kwa sababu maamuzi makubwa yalifanywa na dola ya kigeni na raia wengi hawakuwa na kura.

London na mawazo ya Karl Marx

Mwaka 1951 Babu alikwenda London. Alisoma, akafanya kazi posta kujikimu, na akajiunga na harakati za kupinga ukoloni. Huko ndiko alikozama katika maandishi ya Karl Marx, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyeishi miaka mingi London na kufariki huko mwaka 1883.

Kwa Marx, jamii hupita hatua. Ubepari huzalisha mali nyingi kuliko mifumo iliyoutangulia, lakini huigawa jamii katika matabaka mawili, wenye mitaji na wanaouza nguvu zao. Mgongano wao huleta mapinduzi. Baada ya mapinduzi huja kipindi cha mpito, ambacho wafuasi wake walikiita usoshalisti: njia kuu za uchumi zinakuwa mali ya umma na kila mtu anapata kwa kadiri ya kazi yake. Mwisho huja ukomunisti: matabaka yamekwisha, mali ni tele, kila mtu anapata kwa kadiri ya mahitaji yake, na dola yenyewe haina kazi tena.

Zingatia tofauti hii, maana hapa ndipo watahiniwa wengi wanapoteleza. Hakuna nchi iliyowahi kufika kwenye ukomunisti wa aina hiyo. Umoja wa Kisovieti, China na Cuba zilitawaliwa na vyama vya kikomunisti, lakini zenyewe zilijitambulisha kuwa nchi za kisoshalisti zilizo safarini.

Chama, jela na Mapinduzi

Babu alirudi Zanzibar mwaka 1957 na kuwa Katibu Mkuu wa Zanzibar Nationalist Party (ZNP). Alikuwa mpangaji hodari. Baadaye alizuru China, akiwa miongoni mwa wanasiasa wa mwanzo wa Afrika Mashariki kufika huko, na akavutiwa na nchi ya wakulima iliyofanya mapinduzi yake yenyewe. Mwaka 1962 serikali ya kikoloni ilimfunga kwa kosa la uchochezi. Alipotoka mwaka 1963 alikuwa amekwishatofautiana na viongozi wenzake wa ZNP, ambao aliwaona wanataka uhuru usiogusa suala la ardhi na matabaka. Akajitoa na kuunda chama cha Umma, kilichowavuta vijana, wafanyakazi na waandishi wa habari.

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963. Mwanzoni mwa Januari 1964 serikali mpya ilikipiga marufuku chama cha Umma, na Babu akakimbilia Dar es Salaam. Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yakatokea. Babu alirejea na kuwa Waziri wa Mambo ya Nje katika serikali ya Rais Abeid Amani Karume, na wanachama wa Umma wakaingia katika Afro-Shirazi Party (ASP). Nchi za Magharibi ziliingiwa na hofu kwamba Zanzibar ingekuwa Cuba ya Afrika.

Je, Zanzibar ilikuwa nchi ya kikomunisti? Jibu kwa ushahidi. Ardhi ilifanywa mali ya dola, mashamba makubwa yakatwaliwa, na wakulima wakagawiwa eka tatu tatu. Elimu na matibabu vikatangazwa kuwa bila malipo. Ujerumani Mashariki ikasaidia ujenzi wa nyumba za maendeleo. Hizo ni hatua za kisoshalisti. Lakini dola haikutoweka, bali ilikua na nguvu zaidi. Fedha ziliendelea kutumika, na karafuu ziliendelea kuuzwa katika soko la dunia. Kwa hiyo jina la ukomunisti lilikuwa la wapinzani wake zaidi kuliko la hali halisi.

Waziri wa Muungano

Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, Babu akiwa safarini nje ya nchi. Akahamishiwa serikali ya Muungano, ambako alishika wizara mbalimbali, zikiwemo za biashara na mipango ya maendeleo. Alishiriki katika mazungumzo yaliyoifungamanisha Tanzania na China, uhusiano uliozaa reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia.

Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa. Mabenki na makampuni makubwa yakataifishwa, na viongozi wakakatazwa kumiliki hisa au nyumba za kupangisha. Rais Julius Nyerere aliujenga Ujamaa juu ya maisha ya udugu ya familia za Kiafrika. Hakukubali kwamba ni lazima kupita njia ya vita vya matabaka. Babu aliunga mkono kuondoa unyonyaji, lakini hakukubaliana na msingi huo. Kwake, undugu wa kijijini ulikuwa dalili ya uchumi mdogo wa kale, na usoshalisti haujengwi kwa kuurudia bali kwa kuzalisha mali nyingi kwa zana za kisasa.

Hapa una mgawanyiko mwingine wa kukumbuka. Usoshalisti una matawi. Ujamaa wa Nyerere ni usoshalisti wa Kiafrika. Msimamo wa Babu ni usoshalisti wa kisayansi, unaomfuata Marx.

Kizuizini

Mwezi Februari 1972 Babu aliondolewa katika Baraza la Mawaziri. Tarehe 7 Aprili 1972 Rais Karume aliuawa kwa risasi mjini Zanzibar. Babu alikamatwa bara pamoja na wenzake waliokuwa wa chama cha Umma. Yeye mwenyewe alikana kuhusika. Mahakama ya Zanzibar ilimhukumu kifo mwaka 1974 akiwa hayupo mahakamani, kwani Nyerere hakumkabidhi. Hata hivyo, huko bara hakushitakiwa wala hakuachiwa. Alikaa kizuizini hadi Aprili 1978, takriban miaka sita.

Usiisome sehemu hii kama kisa cha mtu mmoja tu. Rudi kwenye swali la nne. Mali ya umma inasimamiwa na dola, na dola inasimamiwa na watu. Raia asipoweza kuwahoji watu hao, umma hauna njia ya kujua kama mali yake inatumika kwa faida yake. Wazee wa Pemba wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1970: karafuu zilipata bei nzuri duniani, lakini mkulima alilipwa sehemu ndogo ya bei hiyo, na chakula kiliadimika madukani. Mkarafuu haukuwa tena wa tajiri, lakini ziada yake haikumfikia mchumaji. Babu alikuwa jela kwa wakati mwingi wa kipindi cha karibu na hicho, na wakulima hawakuwa na chama kingine cha kukiendea.

Kitabu na miaka ya mwisho

Baada ya kuachiwa Babu aliondoka nchini. Alifundisha vyuoni Marekani, kisha akaishi London akiandika magazetini. Mwaka 1981 kilichapishwa kitabu chake kinachouliza kama Waafrika wanataka usoshalisti wa Kiafrika au Afrika ya kisoshalisti. Hoja yake kuu inafaa uijue. Kutaifisha peke yake hakubadilishi uchumi. Nchi ikiendelea kuuza zao ghafi nje na kununua karibu kila kitu kutoka nje, imebadilisha mwenye duka tu, na duka ni lilelile la mkoloni. Alitaka nchi ianze kwa kuzalisha chakula na mahitaji ya watu wake, na ijenge viwanda vinavyotumia mali zake yenyewe. Huwezi kugawana umasikini ukauita usoshalisti.

Babu aliishi na kuona mabadiliko makubwa. China ilianza kufungua uchumi wake mwishoni mwa miaka ya 1970. Umoja wa Kisovieti ulivunjika mwaka 1991. Tanzania ililegeza masharti ya biashara katika miaka ya 1980 na kurudisha vyama vingi mwaka 1992, mfumo alioutetea. Alifariki London tarehe 5 Agosti 1996 na kuzikwa Zanzibar.

Ulinganisho wa kukumbuka

*Umiliki.* Ubepari: watu binafsi na makampuni. Usoshalisti: umma, kupitia dola au ushirika. Ukomunisti: jamii nzima kwa pamoja, bila dola.

*Maamuzi ya uzalishaji.* Ubepari: soko na faida. Usoshalisti: mipango ya umma. Ukomunisti: mahitaji ya watu.

*Ziada.* Ubepari: humwendea mwenye mtaji. Usoshalisti: huduma za jamii na malipo kwa kadiri ya kazi. Ukomunisti: kila mtu kwa kadiri ya mahitaji.

*Siasa.* Ubepari unaweza kuwa na vyama vingi, na unaweza kuwa wa kikoloni au wa kidikteta. Usoshalisti umewahi kujengwa chini ya chama kimoja, na pia umetetewa na vyama vinavyoshindana kwa kura. Ukomunisti kamili haujawahi kuonekana.

*Udhaifu.* Ubepari huzalisha matabaka na kumwacha asiye na mtaji. Usoshalisti wa dola huweza kuzaa urasimu, uhaba wa bidhaa na viongozi wasiohojika. Ukomunisti umebaki lengo la nadharia.

Kumbuka pia kwamba nchi nyingi leo zina uchumi mchanganyiko. Pemba ni mfano wa wazi: maduka ya Chake Chake ni ya watu binafsi na bei zake hufuata soko, lakini mkulima huuza karafuu zake kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), kwa bei inayotangazwa na serikali. Mtahini akikuuliza mfumo wa nchi yetu, usijibu kwa neno moja. Taja bidhaa, kisha yapitie maswali manne.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti tatu kati ya usoshalisti na ukomunisti.
2. Kwa nini si sahihi kuiita Zanzibar ya mwaka 1964 nchi ya kikomunisti? Toa hoja tatu.
3. Linganisha Ujamaa wa Mwalimu Nyerere na usoshalisti aliouamini Babu.
4. Kutaifisha mali hakutoshi kumkomboa mkulima. Jadili kwa kutumia zao la karafuu.
5. Kwa kutumia maisha ya Babu, onesha kwa nini mfumo wa uchumi hauwezi kupimwa bila kutazama uhuru wa raia.