Nicias: Jenerali aliyezuiwa na mwezi

Usiku wa Agosti 27, 413 KK, mwezi mpevu juu ya bandari ya Syracuse, kisiwani Sicily, ulianza kumezwa na giza hadi ukafunikwa wote. Wanajeshi wa Athens walikuwa washafunga mizigo, tayari kurudi nyumbani. Macho yote yakamgeukia mkuu wao, Nicias.

Hebu tumjue jamaa huyu kwanza.

Nicias alikuwa tajiri wa kupigiwa mfano. Alikodisha watumwa 1,000 katika migodi ya madini ya fedha ya Laurion, na kila mmoja alimwingizia sarafu ndogo kila siku. (Ndiyo, utajiri wenyewe ulikuwa jasho la watu wasiolipwa.) Hela hizo alizimwaga kwenye sherehe za dini, watu wakampenda. Vitani hakuwa mtu wa kukurupuka. Mwaka 421 KK alisaidia kuwapatanisha Athens na Sparta, na amani hiyo ikaitwa kwa jina lake.

Mnamo 415 KK Alcibiades, kijana machachari mwenye ulimi mtamu, aliwachochea Waathens waivamie Sicily. Nicias akapinga. Alipoona hasikilizwi, akajaribu kuwatisha kwa kusema kazi hiyo ingehitaji meli na askari wengi ajabu. Wapi! Wakamkubalia kila alichotaja, na yeye mwenyewe akawa mmoja wa majenerali watatu wa kuongoza vita asivyovitaka.

Mambo yakaharibika. Alcibiades alitoroka mashtaka, akajiunga na Sparta. Lamachus akauawa. Nicias akabaki peke yake, figo zikimtesa. Akaandika barua kuomba apumzishwe, lakini Athens ikakataa, ikamtumia Demosthenes na meli zaidi ya 70.

Shambulio la usiku la Demosthenes lilipofeli, akasema waondoke haraka. Nicias akasita. Aliwajua watu wake: akirudi mikono mitupu, huenda wangemuua. Alipokubali hatimaye, mwezi ukapatwa.

Leo ni rahisi kumcheka. Tena Anaxagoras, aliyewahi kuishi Athens, alikuwa ameshaeleza kwamba mwezi hupatwa unapoingia kwenye kivuli cha dunia. Ila elimu hiyo haikuwa imewafikia wengi, na hata askari wa kawaida walitaka wangoje. Stilbides, mtabiri aliyezoea kumtuliza Nicias, alikuwa amefariki karibuni. Waaguzi waliobaki wakasema zisubiriwe siku 27, na Nicias akagoma hata kujadili kuondoka kabla ya hapo.

Adui naye hakuwa anahesabu siku. Wasyracuse walifunga mlango wa bandari kwa meli zilizounganishwa pamoja, kisha wakawashinda Waathens majini. Watu wapatao 40,000 wakaondoka kwa miguu, wakiwaacha majeruhi wakilia. Penye mto Assinarus, wakiwa wamekaukwa na kiu, waliukimbilia maji wakikanyagana, na wengi wakauawa wakiwa bado wanakunywa.

Nicias akajisalimisha kwa Gylippus wa Sparta, akiomba mauaji yakome. Yeye na Demosthenes waliuawa. Mateka wasiopungua 7,000 walitupwa kwenye machimbo ya mawe, juani mchana, baridini usiku.

Baadaye Athens ilisimamisha jiwe la kumbukumbu ya waliofia Sicily. Pausanias, msafiri aliyeliona karne nyingi baadaye, anasimulia kwamba jina la Demosthenes lilichongwa hapo. La Nicias liliachwa, kwa kuwa alijisalimisha kwa hiari.